Kuchagua Njia ya Intaneti Nyumbani: Habari za Waya na Maneno Yake katika Afrika ya Mashariki

Katika makala haya nakusudia kueleza jambo ambalo kwa mtazamo wa kwanza lingedhaniwa kuwa ni la sokoni wala si la wanachuoni, nalo ni jinsi mwenye nyumba katika nchi zetu anavyochagua kampuni ya kumletea intaneti. Nitalieleza kwa njia ya historia, kwa sababu uchaguzi huu ni mpya kabisa. Tangu waya wa kwanza wa habari ufike katika pwani yetu ilipita miaka zaidi ya 120 ambayo ndani yake swali la nani akuletee waya halikuwako. Alikuwako mwenye waya mmoja tu, na haja ya mtu ilikuwa kupata, si kuchagua. Lugha yetu ilijifunza maneno ya kupata kwa muda mrefu. Maneno ya kuchagua imeanza kujifunza juzi, na bado haijayakamilisha.

Lililonisukuma kuandika ni jambo dogo. Siku ya Jumapili, tarehe 12 Mei 2024, nyumbani kwangu Dar es Salaam palikuwa na njia mbili za intaneti za kampuni mbili mbalimbali. Nilikuwa nikizilipia zote mbili kwa hoja ya mtu afungaye mlango wake kwa makomeo mawili: moja likilegea, la pili litashika. Siku ile yalilegea yote mawili kwa pamoja. Nilipopiga simu kuuliza waya wa kila kampuni wapita wapi, vijana walionipokea walikuwa na adabu nyingi, lakini swali langu halikuwaingia. Mmoja wao aliniuliza kama nimekwisha izima ruta na kuiwasha tena. Hapo ndipo nilipotambua kwamba nilichagua majina mawili, lakini njia ilikuwa moja. Nikatambua pia kwamba sikuwa na maneno ya Kiswahili yaliyozoeleka ya kuuliza swali hilo kabla ya kutia sahihi.

I. WAYA WA KWANZA NA NENO SIMU

Waya wa kwanza wa habari uliofika kwetu ulipita chini ya bahari. Mwaka 1879, katika zama za Sultani Barghash, kampuni ya Kiingereza iliyoitwa Eastern and South African Telegraph Company ililaza waya kutoka Aden hadi Unguja, na kutoka Unguja kwenda Msumbiji, Delagoa Bay na Durban. Waya huo haukulazwa kwa ajili ya watu wa Unguja. Tarehe 22 Januari mwaka ule ule jeshi la Waingereza lilikuwa limeshindwa na Wazulu huko Isandlwana, na habari zake hazikufika London ila tarehe 11 Februari. Serikali iliyongoja siku 20 kujua maafa ya jeshi lake haikuhitaji kubembelezwa zaidi. Iliisaidia kampuni kwa fedha, na kazi ikamalizika kabla ya mwaka kwisha. Unguja ilipata waya kwa sababu ilikuwa njiani.

Namwomba msomaji alishike jambo hili, kwa maana litarudi mbele: njia ya waya huamuliwa na haja ya yule alipaye kuulaza, na mahali unapopita pana bahati ya jirani tu. Mwaka 1890 waya ulipelekwa kutoka Unguja hadi Mombasa kwa upande wa Waingereza, na kutoka Unguja hadi Bagamoyo na Dar es Salaam kwa upande wa Wadachi. Mataifa hayo mawili yaligawana bara kwa ugomvi mwingi, lakini chini ya bahari yalitegemea kampuni moja na kituo kimoja. Jengo la kampuni hiyo lingaliko Shangani, nalo lajulikana mpaka leo kwa jina la Extelecoms, ingawa sasa ni hoteli.

Watu wa pwani walikiita kitu hicho simu. Neno hili asili yake ni Kiajemi, *sim*, ambalo maana yake ni fedha, na pia uzi wa madini, yaani waya. Kwa hiyo simu kwa asili ni waya wenyewe. Kisha neno likahama kutoka kwenye waya kwenda kwenye habari ipitayo ndani yake, mtu akasema "nimepata simu", yaani habari ya maandishi. Kilipokuja chombo cha kusemea, ilibidi kutofautisha simu ya maandishi na simu ya mdomo. Na leo, simu ya maandishi ilipokwisha kufa, neno simu peke yake latosha kwa chombo kidogo cha mfukoni kisicho na waya hata kidogo. Tukilifuata neno kwa asili yake, mtu asemaye "simu isiyo na waya" amesema waya usio na waya. Silitaji hili kwa kuchekesha. Nataka kuonyesha kwamba jina la kitu laweza kubaki mahali pake hali kitu kimekwisha badilika chini yake, na mwenye kulitumia asitambue. Hayo ndiyo yaliyotokea tena katika maneno ya intaneti.

II. MIAKA YA KUNGOJA

Mwaka 1933 posta na simu za Kenya, Uganda na Tanganyika ziliunganishwa chini ya idara moja, na umoja huo ulidumu kwa sura mbalimbali hadi Jumuiya ya Afrika ya Mashariki ilipovunjika mwaka 1977. Baada ya hapo kila nchi ilibaki na shirika lake la posta na simu. Bendera zilibadilika, lakini kwa mwenye nyumba hali ilikuwa ile ile: palikuwa na mlango mmoja wa kubisha. Aliyetaka simu alijaza fomu, akangoja. Aghalabu alingoja miaka. Msamiati wa wakati ule ni wa kungoja na kuomba: ombi, zamu, orodha, laini. Neno mteja lilikuwako, lakini yafaa tukumbuke kwamba mteja katika Kiswahili si mnunuzi tu. Ni pia mgonjwa aliye mikononi mwa mganga. Kwa hali ya simu ya wakati ule maana hii ya pili ilikuwa karibu zaidi na kweli.

Habari za kwenda nchi za nje hazikutegemea tena waya wa bahari peke yake. Mwaka 1970 kituo cha setilaiti kilifunguliwa Longonot nchini Kenya, na tangu hapo hata kufika mwaka 2009 sehemu kubwa ya mazungumzo yetu na ulimwengu ilipita angani. Setilaiti za namna hiyo hukaa juu ya Ikweta kiasi cha kilomita 36,000 kutoka ardhini. Swali hupanda na kushuka, na jibu nalo hupanda na kushuka, yaani safari ya kilomita 144,000. Na hata kwa mwendo wa nuru safari hiyo huchukua karibu nusu ya sekunde. Wazee wetu waliopiga simu Ulaya wakati ule wakumbuka kule kusemezana kwa kupokezana, mtu akisubiri sauti yake ifike ndipo asikie jibu.

Intaneti ilipoingia katika miaka ya 1990 iliikuta hali hiyo. Mtu alifunga modemu kwenye waya wa simu, chombo kikalia kwa mlio mkali, kikaunganisha kwa kasi isiyozidi kilobiti 56 kwa sekunde, na muda wote huo hakuna mtu wa nyumba ile aliyeweza kupiga simu. Makampuni ya kuuza intaneti yalianza kutokea. Africa Online, kwa mfano, iliasisiwa mwaka 1994 na vijana wa Kenya waliokuwa wamesoma Marekani. Kwa hiyo kwa jina uchaguzi ulikuwa umeanza. Lakini makampuni hayo yote yalipaswa kupita katika mlango wa shirika la simu, kwa kuwa ndilo lililokuwa na haki ya peke yake ya kutoa habari nje ya nchi.

Kisa kimoja chaonyesha uzito wa haki hiyo. Mwezi wa Novemba 2000 makampuni ya intaneti ya Nairobi yalijenga mahali pa kukutania nyaya zao, ili barua ya mtu wa Nairobi kwenda kwa jirani yake wa Nairobi isilazimike kusafiri hadi Ulaya au Marekani na kurudi. Telkom Kenya ilishtaki kwamba jambo hilo lavunja haki yake, na baada ya wiki chache tume ya mawasiliano ilipafunga. Pakafunguliwa tena mwezi wa Februari 2002. Katika muda huo watu wawili waliokaa mtaa mmoja waliandikiana kwa kuvuka bahari mara mbili, kila mmoja akiamini kwamba amechagua kampuni yake. Haki ya peke yake ya Telkom ilikwisha mwaka 2004. Tanzania, kampuni ya simu ya TTCL iliyoundwa kutoka shirika la zamani mwaka 1994 ilikuwa na haki kama hiyo hadi Februari 2005. Tarehe hizi mbili ndizo, kwa maoni yangu, mwanzo wa kweli wa uchaguzi katika nchi hizi mbili. Yaliyotangulia yalikuwa uchaguzi wa vibao vya madukani.

III. MWAKA 2009

Mlango ulikuwa umefunguliwa, lakini barabara ilikuwa bado angani, na ya angani ilikuwa ghali. Pwani ya mashariki ya Afrika ilikuwa miongoni mwa pwani za mwisho duniani kufikiwa na nyuzi za kioo chini ya bahari. Nyuzi hizi hazichukui umeme kama waya wa mwaka 1879, huchukua nuru. Mwezi wa Juni 2009 waya wa TEAMS, uliotoka Fujairah katika Falme za Kiarabu, ulifika Mombasa. Tarehe 23 Julai mwaka ule ule waya wa SEACOM ulifunguliwa, ukiwa umeshuka Mombasa na Dar es Salaam. Na mwaka 2010 ukafuata EASSy, wenye urefu wa kiasi cha kilomita 10,000, kutoka Mtunzini katika Afrika ya Kusini hadi Port Sudan. Kwa upande wa bara, Tanzania ilianza mwaka 2009 kujenga njia yake ya nyuzi kutoka pwani hadi mipaka ya nchi jirani.

Njia hiyo iliitwa Mkongo wa Taifa wa Mawasiliano, na neno mkongo likaenea. Wapo pia waandikao mkonga, nao huifikirisha akili mkonga wa tembo: kitu kirefu chenye nguvu kinachovuta maji kutoka mbali na kuyaleta kinywani. Picha hiyo ni nzuri, na yafaa. Neno mtandao nalo lina ukoo wa heshima. Latokana na kutanda, ambako pia twapata utando wa buibui na mtande, yaani nyuzi za urefu ambazo mfumaji huzitanda kwanza kabla ya kupitisha mshindio. Ni bahati ya pekee kwamba lugha ilikuwa na neno la kifumaji tayari, na kumbe kitu chenyewe kikaja kuwa nyuzi kweli kweli.

Wanachuoni wa Kiswahili watakumbuka mwaka huo kwa sababu nyingine. Mwaka 2009 ndio ambao Taasisi ya Uchunguzi wa Kiswahili, iliyokuwa chuoni Dar es Salaam tangu mwaka 1964 na iliyorithi kazi ya Kamati ya Lugha ya mwaka 1930, iliunganishwa na idara ya ufundishaji na kuwa Taasisi ya Taaluma za Kiswahili. Basi chombo chetu cha kuchunguza maneno na kitu kilicholeta maneno mengi kuliko vyote vilipita mlango mmoja katika mwaka mmoja. Sisemi kwamba vilipeana mikono.

IV. NJIA TATU ZA KUINGIA NYUMBANI

Mwenye nyumba wa leo ana njia tatu, na makampuni yote aonayo matangazo yao yamo katika mojawapo ya hizo.

Ya kwanza ni nyuzi za kioo zenyewe, ambazo watu waziita faiba. Huletwa kwa nguzo au kwa mtaro hadi ukutani mwa nyumba. Nairobi, Zuku ilikuwa miongoni mwa waliotangulia kupeleka intaneti ya kasi nyumbani kwa waya, na Safaricom ilifuata kwa faiba yake mwaka 2017. Tanzania, TTCL imeipa huduma yake jina la Faiba Mlangoni Kwako. Sifa ya njia hii ni utulivu, na ila yake ni kwamba hufuata mitaa. Kampuni huvuta nyuzi palipo na nyumba nyingi na walipaji wengi, na mtu akaaye ng'ambo ya barabara aweza kuziona nguzo asizipate nyuzi. Huyu hachagui; amechaguliwa au ameachwa.

Ya pili ni hewa: mnara wa simu hupeleka mawimbi hadi kwenye ruta iliyowekwa dirishani. Njia hii hufika upesi na haichimbi mtaro, lakini mnara mmoja hulisha mtaa mzima. Saa mbili usiku, watu wote wakiwa wamerudi kazini, kila nyumba hupata kijiko chake kutoka sufuria moja.

Ya tatu ni setilaiti, lakini si zile za Longonot. Setilaiti za Starlink, ambayo ilianza kazi Rwanda na Kenya mwaka 2023, huruka kiasi cha kilomita 550 tu juu ya ardhi, na kwa hiyo kule kukawia kwa nusu ya sekunde hakuko. Kwa mtu wa shamba ni neema. Hata hivyo mwezi wa Novemba 2024 kampuni hiyo iliacha kwa muda kupokea wateja wapya Nairobi na wilaya za jirani, kwa kuwa nafasi ilikuwa imejaa. Hata mbingu, basi, zina foleni.

V. MANENO YA MKATABA

Sasa nafika kwenye kazi inayonihusu zaidi. Mikataba ya intaneti ya nyumbani niliyopata kuisoma imeandikwa kwa Kiingereza, na matangazo yake yameandikwa kwa Kiswahili. Maana yake ni kwamba mtu huitwa kwa lugha yake, kisha hufungwa kwa lugha ya mwingine. Na hata maneno ya Kiswahili yaliyomo katika matangazo yana mambo ya kuchunguzwa. Nitachukua manne.

La kwanza ni kasi. Katika Kiswahili cha zamani kasi ni nguvu ya mwendo, kama ya mkondo wa maji au ya upepo: kitu kinachohisiwa. Katika intaneti ni hesabu ya biti zipitazo kwa sekunde moja, nayo huandikwa kwa megabiti. Lakini faili zetu hupimwa kwa baiti, na baiti moja ni biti nane. Mtu aliyenunua kasi ya megabiti 10 akidhani kwamba filamu ya megabaiti 1,500 itafika kwa sekunde 150, hana budi kuzidisha kwa nane: itamchukua sekunde 1,200, yaani dakika 20, na hapo ni kama hakuna mwingine nyumbani atumiaye. Herufi moja tu katikati ya neno, *i* badala ya *ai*, humpotezea mtu dakika kumi na saba na nusu. Tena kasi ni mbili: ya kushusha na ya kupandisha. Tangazo hutaja ile ya kushusha. Mwalimu afundishaye kutoka nyumbani kwake ahitaji ya kupandisha, kwa kuwa ni uso wake na sauti yake zinazotoka.

La pili ni hadi. Neno hili la Kiarabu maana yake ya asili ni mpaka, ukomo. Tangazo lisemapo "hadi megabiti 20" limetaja dari, wala halikutaja sakafu. Msomaji hulisikia 20 na kuliacha hadi. Kisarufi kampuni haikusema uongo, na hapo ndipo ulipo ustadi wake. Swali linalopasa kuulizwa ni la sakafu: kasi ya chini kabisa ni ipi, na saa ngapi?

La tatu ni kifurushi. Furushi ni mzigo uliofungwa kwa nguo kwa ajili ya safari, na sifa yake moja ni kwamba kilichofungwa humo ni mali ya mfungaji mpaka alifungue mwenyewe. Kifurushi cha intaneti kina muda, na muda ukifika kilichobaki ndani hupotea ingawa kimelipiwa. Sina shaka kwamba neno hili ni zuri kwa sauti na kwa picha, na watu wamelipenda. Lakini kwa maana limegeuzwa kichwa chini, kama vile simu ilivyobaki kuwa simu baada ya kupoteza waya wake.

La nne ni bila kikomo. Kikomo chatoka katika kukoma, na kwa hiyo bila kikomo ni kisichokoma. Katika mikataba kadhaa, ukurasa wa mbele husema bila kikomo, na ukurasa wa ndani husema kwamba matumizi yakipita kiasi fulani kasi itapunguzwa hata mwisho wa mwezi. Kinachoendelea bila kukoma ni waya. Kasi iliyonunuliwa imekoma. Kwa lugha ya haki ingefaa kusema: haikatiki, ila hupunguzwa baada ya kiasi hiki.

Sitaki nifahamike kwamba nawashtaki wafanyabiashara kwa kutumia maneno. Kila soko lina maneno yake, na mnunuzi wa samaki ajua kwamba "wa leo" ana maana nyingi. Tofauti ni kwamba mnunuzi wa samaki ana pua. Mnunuzi wa intaneti hana kiungo cha kumwonjea bidhaa hii kabla ya kuinunua; ana maneno tu. Maneno yakiwa na kasoro, hana kingine.

VI. MAJINA MAWILI, NJIA MOJA

Yote niliyoyataja hata hapa yahusu kipande cha mwisho cha njia, kutoka kampuni hadi nyumbani. Lakini historia imetuonyesha kwamba jambo kubwa huamuliwa mbali zaidi. Mwezi wa Februari 2012 EASSy ilikatika katika Bahari ya Sham, na tarehe 25 ya mwezi ule ule TEAMS ilikatwa karibu na Mombasa kwa nanga ya meli. Mwezi wa Februari 2024 nyaya kadhaa za Bahari ya Sham ziliharibika, SEACOM ikiwa mojawapo, na habari zetu nyingi zikageuzwa kupita kusini. Kisha tarehe 12 Mei EASSy na SEACOM zilikatika zote mbili katika upande huo wa kusini, kati ya Msumbiji na Afrika ya Kusini. Tanzania ikawa miongoni mwa nchi zilizoumia sana, na matengenezo yalichukua siku kadhaa, kwa kuwa waya wa bahari hautengenezwi ila kwa meli maalumu.

Hiyo ndiyo siku yalipolegea makomeo yangu mawili. Kampuni zangu zilikuwa na rangi mbili, vibao viwili na nyimbo mbili za matangazo. Nyuma yao palikuwa na mlango ule ule wa bahari. Ilikuwa hali ya mwaka 1890, Waingereza na Wadachi wakishindana bara na kutegemea waya mmoja Unguja.

Aliyenifumbua macho hakuwa mwanachuoni. Alikuwa fundi aliyekuja baada ya wiki kubadilisha ruta. Nilimwuliza swali lile lile nililowauliza wale vijana, naye akaketi barazani, akakunja kidole kimoja kimoja. Huu washukia hapa Dar es Salaam, huu washukia Mombasa na kutujia kwa bara, huu waenda kaskazini, huu waenda kusini. "Mwalimu," akasema, "usiulize jina la kampuni. Uliza washukia wapi, na ukikatika wazungukia wapi." Kushukia na kuzungukia: vitenzi viwili vya kila siku, kila kimoja na kiambishi chake cha kutendea, vyasema kwa ukamilifu jambo ambalo mkataba wangu wa kurasa kumi na moja haukulitaja. Nilikuwa nimefundisha kiambishi hicho kwa miaka mingi bila kujua kwamba chaweza kuniokolea pesa.

VII. MWISHO

Naona basi kwamba mwenye nyumba atakaye kuchagua vema ana maswali matano, na yote yaulizika kwa Kiswahili safi. Kasi ya chini kabisa ni ipi wakati wa usiku? Kasi ya kupandisha ni ipi? Baada ya kiasi gani hupunguzwa, na hupunguzwa hadi wapi? Nikitaka kuacha kabla ya muda, nalipa nini? Na la mwisho, ambalo ndilo la kwanza kwa uzito: waya wenu washukia wapi, na ukikatika wazungukia wapi? Akiweka njia mbili, na aziweke mbili kweli, zenye kushukia mahali pawili.

Kwa upande wetu sisi wenye kazi ya lugha, nadhani tumeshughulika zaidi na majina kuliko na vitenzi. Tumejadili kama tuseme tarakilishi au kompyuta, wavuti au tovuti, nayo yalikuwa mabishano ya haki. Lakini mtu hafungwi na jina la chombo. Hufungwa na sentensi ya mkataba. Pale iliposemwa "hadi" pasipo sakafu, na "bila kikomo" penye kikomo, kazi ya msanifu wa lugha haijaanza. Nashauri kwamba msamiati wa mafundi wa nguzoni na mitaroni ukusanywe upesi, kama wazee wetu wa Kamati walivyokusanya wa mabaharia na waunda vyombo. Na kwamba mkataba wa mfano wa huduma ya intaneti uandikwe kwa Kiswahili, uwekwe mbele ya wenye kutunga kanuni.

Mimi mwenyewe nimeacha moja ya njia zangu mbili, nikachukua nyingine ishukiayo Mombasa. Haina kasi kubwa kuliko ile ya kwanza, na bei yake imezidi kidogo. Siku nilipotia sahihi nilimwomba karani aandike pembeni mwa fomu, kwa Kiswahili, mahali waya unaposhukia. Alisita, akampigia simu mkubwa wake, kisha akaandika.